Wimbo wa Kuvuka Mwaka

Umlazi, Durban
4 Januari

Mpendwa Dada Ntombenhle,

Pokea salamu za nyumbani, za mwaka mpya na za ule uliokwisha. Natumai wewe, shemeji na watoto mnaendelea vizuri, na baridi ya huko Uingereza haijawamaliza. Sisi miili ni mizima. Goti la Baba linamsumbua mvua ikinyesha, na Mama anasema kwenye picha umenenepa, anashukuru Mungu.

Pongezi zako nimezipata. Umeniuliza mbona siku kundi letu la muziki, Amalangabi, lilipopewa tuzo Khethelo alipanda jukwaani peke yake, wakati Amalangabi ni mimi na yeye tu, ndugu wa tumbo moja. Umeniambia pia kwamba wewe na manesi wenzako mnaucheza wimbo wetu kazini, na kwamba ile sehemu ya "Inuka, twende nyumbani" mnaipigia kelele pamoja. Dada, kaa chini kwanza.

Sauti ile ni ya Baba. Wameikatakata na kuiburuza ndiyo maana hukuitambua. Ulinyimwa ruhusa ya kuja kumzika ndugu yetu Lwandile, kwa hiyo hukuwepo siku tuliyokwenda kuichukua roho yake hospitali alikofia. Baba alisimama kando ya kile kitanda na tawi la mlahlankosi mkononi, lile la kubebea roho ya marehemu, akamwita mwanawe kwa majina yote ya ukoo, akamwambia amekwisha kufa, ainuke, twende nyumbani. Kwenye teksi tulimlipia Lwandile kiti chake kama inavyopasa. Baba hakusema na mtu mwingine njia nzima. Alikuwa akimwambia yeye tu: sasa tunavuka mto, mwanangu, sasa tunapinda pale kanisani, usibaki nyuma. Mimi nilikuwa nalia. Khethelo alikaa kiti cha nyuma, simu mfukoni, anarekodi.

Ngoma za wimbo nilizitengeneza mimi, na nilizipenda. Sauti aliipachika yeye bila kuniambia. Mara ya kwanza niliisikia baa, watu wamejaa, wasichana wameinama wanatikisa viuno, na Baba anamwita maiti juu ya vichwa vyao. Nilitoka nje nikatapika kando ya banda la nyama choma.

Nilipomkabili Khethelo alicheka. Alisema niache ushamba, sauti ni sauti tu, Lwandile mwenyewe alikuwa mtu wa madansi na angefurahi. Akaniuliza tumeshika namba moja nchi nzima, sasa nanuna nini, au naona wivu kwamba wazo lilikuwa lake. Alikuwa anakula huku anasema hayo, na mafuta yanamtiririka kidevuni. Yule ni mdogo wangu, nilimbeba mgongoni, na siku ile sikutaka hata kumgusa.

Kisha ukaja upigaji kura wa wimbo wa kuvuka mwaka. Wewe unajua hapa kwetu maana yake: redio inapiga wimbo mmoja tu mwaka unapogeuka, na hakuna nyumba isiyosikiliza. Kitu kimoja tu kilinisumbua. Tulimleta Lwandile nyumbani, tukamchinjia mbuzi, akatulia. Sasa aitwe na nchi nzima, kwa sauti ya baba yake mwenyewe, ainuke aende wapi?

Nikaenda kwa mtangazaji mmoja nikamweleza yote, nikamsihi wimbo uondolewe. Alinishika mkono, machozi yakamlengalenga, nikadhani nimepata mtu. Kesho yake akayasimulia hewani kwa sauti ya kilio, kwamba wimbo huu umebeba roho ya marehemu, pigeni kura. Kura zikamiminika. Hilo ni kosa langu, nakiri, nililisha mbwa nikidhani namfukuza. Wiki hiyohiyo vijana wakaanza kuja kwenye madansi na matawi ya mlahlankosi, miiba yake na yote, wanayapunga, wanawachapa wasichana matakoni, halafu wanayatupa chini na kuyakanyaga kwenye bia iliyomwagika. Langoni kuna jamaa anayauza. Kinyaa nilichonacho, Dada, hakina maji ya kukiosha.

Nyumbani tulikubaliana Baba asijue. Mama aliificha redio kabatini, akasema imeharibika. Lakini usiku wa kuvuka mwaka Baba alisema redio itolewe. Nikamdanganya tena kwamba ni mbovu. Akaniambia, Sandiso, watoto wa mtaa huu wananiita Mzee Twende Nyumbani tangu mwezi wa kumi, unafikiri mimi ni kiziwi? Washa.

Nikawasha. Saa ilipofika, Umlazi yote ikapiga ukelele, na sauti ya Baba ikatoka kwa majirani kulia na kushoto. Nilinyanyuka niivunje ile redio. Aliniambia nikae. Mwenyewe alikuwa amepiga goti lake bovu pale ndani, mwisho wa chumba, tulipoliweka lile tawi, na kila wimbo ulipoita "Inuka, twende nyumbani", alijibu kwa sauti ya chini: "Hawakuiti wewe, mwanangu. Sisi tulishafika. Kaa." Wimbo ni mrefu, Dada, mimi ndiye niliyeurefusha ili watu wacheze. Baba hakuacha mwito hata mmoja bila kuujibu.

Amalangabi nimetoka. Khethelo ana gari jipya na haji nyumbani.

Mama anakusalimu, anasema uvae soksi. Wabusu watoto, mpe shemeji mkono wangu. Na huko kazini wakiuwasha tena, sikuambii ugombane na mtu. Geuka pembeni tu, mwambie Lwandile akae.

Ni mimi mdogo wako,
Sandiso