Kwa Nini Mbeyu Alikosa Ndege ya Jumanne

Msambweni,
Kwale.
Ijumaa, 23 Agosti 1957

Mpendwa Dada Mwanaima,

Shikamoo, dada. Assalaam aleikum warahmatullah. Waamkaje huko Dar es Salaam? Tumbo limekupa nafasi ya kulala? Na shemeji Mbwana, hajambo? Sisi huku miili mizima, alhamdulillahi, ila moyo wangu haujatulia tangu Jumanne, na hata kalamu naishika kwa hofu.

Uliomba mwanao Mbeyu arudi Jumanne ile ili umtie machoni kabla ya kupasuliwa Jumatano. Shemeji alikata tikiti ya ndege kwa ajili hiyo tu, kwani meli ingechelewa. Nami nikawaletea simu ya maandishi kwamba gari limeharibika, Mbeyu atakuja Alhamisi. Dada, gari halikuharibika. Nilisema uongo, na leo nataka uyajue yaliyotokea.

Jumatatu ilikuwa siku yake ya mwisho ya likizo. Asubuhi nilimsuka nywele, tukafunga kikapu chake: kashata, korosho za kukaanga na kanga yako. Alicheka sana siku ile. Alasiri nilikuwa uani nakuna nazi, Alfani mume wangu akaniuliza kama watu hupona ugonjwa kama wako. Nikamjibu kwamba wengine hupona na wengine hawaamki tena kitandani pa daktari. Sikujua kwamba Mbeyu yuko nyuma ya ua wa makuti.

Jumanne alfajiri nilikwenda kumwamsha, nikakuta mkeka mtupu na mlango wa uani wazi. Nikaita. Nikaenda chooni, nikaenda kwa jirani yetu Tsuma, nikarudi. Ndipo nikaiona ndoo yetu imelala ubavu karibu na kisima.

Dada, sikuweza kuchungulia. Tsuma alifungwa kamba akateremshwa, nami nikasimama ukingoni nikisikia maji yakivurugwa kule chini. Nilikuwa nikitafuta maneno ya kukuambia. Basi la Likoni likapita barabarani, likapiga honi mara mbili kama tulivyopatana na dereva, likaenda zake. Tsuma akatoka na tope hadi shingoni, mikono mitupu. Badala ya kufurahi, nikaogopa zaidi, maana sasa ilibaki bahari, na maji yalikuwa yakijaa. Wanaume wakashuka ufukoni, wengine kusini, wengine upande wa Gazi.

Karibu na adhuhuri, Waridi mke wa Tsuma aliwasha moto jikoni kwangu awapikie uji waliokuwa wakitafuta. Moshi ukapanda kwenye uchaga, kule juu tunakohifadhi mahindi. Uchaga ukakohoa.

Mbeyu alikuwa amejikunyata nyuma ya magunzi, macho mekundu. Alikuwa juu yetu tangu alfajiri, akinisikia nikilia. Niliinua mkono nimpige. Nikamwuliza kwanza, "Kwa nini umenifanyia hivi, mwanangu?"

Akasema, "Nikikaa huku, mama yupo. Nikienda nikaambiwa hayupo, ndiyo basi."

Mkono ulishuka wenyewe. Nikamwambia, "Mama yako ndiye aliyekuita. Ametaka akuone kabla ya kuingia kwa daktari."

Hakuwa amelijua hilo, dada. Hakuna mtu aliyemwambia. Tuliona ni mdogo, tukamficha kila kitu. Akauliza ndege huruka saa ngapi. Saa nane, nikamwambia. Akashuka mbio akatafuta viatu vyake. Ilimbidi Alfani amshike, amweleze kwamba kutoka hapa hadi kivukoni, kisha uwanja wa ndege wa Port Reitz, hatufiki tena.

Siku mbili zile hakula ila maji ya uji. Jumatano mchana alikaa barazani ametazama njia, na mimi kila nikisikia baiskeli nilijificha chumbani nikidhani ni mleta habari.

Jana tulisafiri naye, mimi na Alfani. Likoni foleni ilikuwa ndefu, na askari wa kivukoni walipekua vikapu kimoja kimoja. Mbeyu alinibana mkono hata kucha zikaniingia. Uwanjani karani alimpima kwenye mizani pamoja na kikapu chake. Aliposhuka pale mizanini akaniuliza, "Mama mdogo, mama atakuwa amengoja?"

Nikasema, "Atakuwa amengoja." Sikuwa na haki ya kusema hivyo, lakini ningesema nini? Mama wa Kizungu anayehudumia abiria akaja akamshika mkono, wakaenda. Hakugeuka nyuma. Ndege ilipoondoka, Alfani akanikalisha chini.

Leo asubuhi imeletwa karatasi ya simu kutoka Dar es Salaam. Sijaifungua. Nimeiweka chini ya mto nikachukua kalamu, kwa sababu muda huu ninaokuandikia, bado ninaye dada wa kumwandikia. Nilitaka kumpiga mtoto kwa jambo lile lile ninalolifanya sasa mimi mtu mzima.

Dada, niliacha kuandika hapo. Alfani amerudi kutoka msikitini, akaitoa simu chini ya mto akanisomea: "Mtoto amefika. Homa ilizuia kupasuliwa. Sasa Jumatatu. Wako pamoja." Nimemwambia asome mara tatu. Sikukuombea homa, dada, lakini nimeishukuru.

Hofu haijaisha, imesogea hadi Jumatatu. Nisamehe ule uongo. Nina ombi moja: siku hiyo Mbeyu asipelekwe kwa majirani. Akae na baba yake mlangoni pa hospitali, na habari yoyote itakayotoka, asikie na yeye. Mimi nitafunga saumu. Alfani anaipeleka barua hii Mombasa sasa hivi, iwahi ndege ya kesho.

Nisalimie shemeji Mbwana, na Mbeyu umbusu. Alfani, Tsuma na Waridi wanakusalimu sana. Mwenyezi Mungu aiongoze mikono ya daktari, akurudishe kwa mwanao.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, niliye macho kwa ajili yako,

Esha