Visiki Vya Kajulu Vimechipua

Jumamosi. Mvua imepiga tangu alfajiri, na matope ya mtaa wetu wa Obunga yamenimezea kiatu kimoja. Sijali. Leo ningerudi nyumbani hata pekupeku.

Nieleze vizuri. Mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wakaanga samaki. Miaka kadhaa iliyopita tulipanda shamba la miti ya siala kule mlimani Kajulu, ili tuache kuuparamia msitu wa juu, ambako mabinti zetu walikuwa wakikosa masomo kwa kutafuta kuni. Siala ukikatwa vizuri huchipua tena. Afisa wa misitu aliniambia tuache kisiki cha shubiri moja.

Siku ya kukata ilipofika, mimi nikawaambia wenzangu wakate hadi usawa wa udongo.

Tamaa tu. Kila mkaanga samaki anajua kuni za shina huwaka polepole, na karai la mafuta linapenda moto wa namna hiyo. Walipouliza, nikasema ndivyo afisa alivyoagiza. Nilidanganya, tena bila kupepesa macho.

Kisha jua likawaka wiki baada ya wiki na visiki vikabaki vikavu. Nilipoteza usingizi. Nikawaza mabinti wakirudi msituni na panga, kwa sababu yangu.

Leo nimepanda mlima na Mama Apiyo, jirani yangu wa jikoni. Yeye ndiye aliyeona kwanza.

“Mwenyekiti, kuja uone! Hii kisiki imezaa!”

Machipukizi mekundu-mekundu, laini, karibu kila kisiki. Nikakaa kwenye matope nikalia kama mtoto. Halafu, sijui ni nini kilinisukuma, nikamwambia ukweli wote kuhusu afisa.

Mama Apiyo akacheka mpaka akashika kiuno.

“Sisi tulijua zamani. Huyo afisa alitufundisha wote siku ya kupanda, wewe ulikuwa umeenda matanga.”

“Sasa mbona mlinyamaza?”

“Mwenyekiti, hiyo kuni ya chini ilikuwa tamu! Hata mimi nilibeba.”

Nimefarijika, lakini si kabisa. Visiki sita vimekufa. Nimevihesabu mara mbili. Jumatatu nitasimama mbele ya kikundi niseme kosa langu kwa mdomo wangu, na msimu ujao tutakata kwa shubiri, mimi nikiwa wa kwanza kuinama kupima.

Wakicheka, wacheke. Leo nitalala.