Kiti cha Brwynen

Nyumba Na. 4, Rhes Fron,
Nant y Garreg,
Wales.

Jumapili, 9 Machi 2025

Mpendwa Bibi Mdogo Morfudd,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti ulilolitaja kwenye kadi ya Krismasi limeshapata nafuu. Huko kwenu Tasmania nadhani joto linaanza kuondoka. Huku baridi bado haijaamua: asubuhi jua, mchana mvua, jioni vyote viwili. Sisi hatujambo. Dada yako, Bibi Eluned, anakula, anafuma, na anagombana na redio kila siku. Mume wangu Steffan bado anaendesha lori la maziwa. Mimi ni Heledd, binti wa Nerys, kama umenisahau. Picha ya mwisho uliyotumiwa sikuwa na meno ya mbele.

Sasa mimi ndiye mwenye mtoto asiye na meno. Anaitwa Mabli, ana miezi saba, na usingizi hautaki. Naandika kwa vipande: akisinzia naandika, akiamka naacha. Ukiona mwandiko umepinda katikati ya neno, ujue ndipo alipolia.

Nisamehe kwamba hatujawahi kuandikiana zaidi ya kadi. Nina jambo la kukuuliza, nalo halingoji sana. Lakini lazima nianzie shuleni, maana ndiko lilikotokea.

Shule yetu inabomolewa baada ya Pasaka. Imefungwa miaka tisa sasa, tangu watoto wahamishiwe ile shule kubwa ya kule pwani. Darasa la mwisho lilikuwa letu. Siku ya kufunga tuliimba, tukalia, tukaandika majina kwenye mashati, halafu tukaenda kununua chipsi. Tangu hapo kilichobaki hai ni chumba cha chakula peke yake. Jumanne na Alhamisi sisi akina mama tunapima watoto uzito pale, tunakunywa chai na kudanganyana kwamba wa kwetu wanalala.

Mabli analala mahali pamoja tu, Bibi Mdogo, na ni kwenye korido ya shule yako. Ile ya chini, yenye vigae vyekundu na vyeusi, ndefu mpaka mtu akiwa mwisho wake unamwona kama kidole. Magurudumu ya kigari chake yakipita juu ya vile vigae yanasema tak, tak, tak, na macho yake yanafumba kama mtu kazima taa. Nikisimama, anaamka. Basi sisimami. Naenda hadi mlango wa maabara, narudi hadi ngazi, naenda tena.

Nikitembea hivyo nami nakuwa nusu nimelala. Mvua inapiga madirisha ya juu na mwanga wake unatiririka sakafuni kama maji ya kweli. Vyango vya makoti bado vipo ukutani na namba zake, na kwenye namba sabini na mbili limebaki koti, sijui la nani, limeota ukungu wa kijani begani. Sinki za maabara zimeota majani. Nasikia mwalimu wa jiografia akikohoa chumba cha pili, naye tulimzika zamani. Wakati mwingine sijui niko mwaka gani. Naona darasa letu likitoka, kisha la Mama, kisha nyinyi wawili na soksi zenu ndefu, wewe na Bibi, mmeshikana mikono, mnapita pembeni ya kigari bila kukigusa, na hakuna anayemwamsha mtoto. Usinicheke. Mtu asiyelala miezi saba huona mengi.

Anayetufungulia ni Ifor Funguo, aliyeitunza shule miaka thelathini na moja na hajakubali kuacha. Wewe ulikuwa kidato cha juu yeye alipoingia cha kwanza, huenda humkumbuki. Yeye anakukumbuka kidogo. Anatembea nami akibonga, na Mabli hasumbuliwi na sauti yake.

"Analala hapa kama wewe ulivyokuwa ukilala kwenye hesabu," ananiambia.

"Mimi sikulala, nilikuwa nafikiri."

"Ulikoroma, mwanangu. Nilikuwa nje nafagia."

Yeye ndiye aliyenisimulia habari ya paa. Kumbe shule ilipojengwa, wachimbaji wa hapa ndio walioleta vigae vya paa, mawe yao wenyewe ya machimboni, kila mmoja akibeba mgongoni siku ya Jumamosi kazi ikiisha. Na kila mmoja alikwaruza jina lake upande wa chini kabla ya kigae kupandishwa. Miaka mia na thelathini majina hayo yamelala kifudifudi juu ya vichwa vyetu, nasi tukidhani ni mvua tu iko juu. Ifor ameshashusha vichache. La babu yetu bado hatujalipata.

Basi, Jumanne moja mwezi uliopita alinionyesha stoo ya nyuma ya jukwaa. Kulikuwa na vikombe, picha za timu, kengele ya mkono, na kitu kirefu kimefunikwa shuka. Akaivuta. Kiti, Bibi Mdogo. Cha mwaloni, mgongo mrefu, umechongwa mawimbi, na chini yake bati dogo la mwaka: 1971. Jina hakuna.

"Cha nani hiki?"

"Cha Brwynen."

"Brwynen gani?"

"Ningejua angeshakichukua. Aa, usikikalie! Miaka yote hii nakifuta vumbi, na miguu imeniuma Mungu anajua, sijawahi kukikalia."

Akanisimulia. Unajua siku yenyewe kuliko yeye, lakini niache niiandike nilivyoisikia. Ilikuwa siku ya Mtakatifu Dewi, mashindano ya shule ya mashairi na nyimbo, na kiti hiki ndicho kilichomngoja mshairi mshindi. Washairi walikuwa wameandika kwa majina ya kujificha kama kawaida, na mwamuzi, mchungaji mmoja mwembamba, alisema shairi la huyo aliyejiita Brwynen, yaani tete la kinamasi, limemfanya asahau chai yake hadi ikapoa. Tarumbeta likalia. Akaita: Brwynen asimame, na Brwynen peke yake. Watoto wa kidato cha kwanza walikuwa wamekaa sakafuni mbele, wakageuka wote.

"Tuligeuza shingo kwa Eluned wa Rhes Fron," Ifor alisema. "Maana nani mwingine? Miaka miwili mfululizo kiti chake. Tena alikuwa ameshatengeneza nywele."

Hakusimama mtu. Tarumbeta likalia mara ya pili, ya tatu, mpaka midomo ya mpigaji ikachoka. Mwalimu mkuu akafunga karatasi zake, watoto wakaenda kula. Na ule upanga ambao mshindi hushikiwa kichwani, ukumbi mzima ukiulizwa mara tatu kama kuna amani, ulirudishwa kabatini.

"Siku ile amani haikuulizwa," Ifor alisema. "Ndiyo mara moja tu."

Nilirudi nyumbani nikidhani nina kichekesho cha kumwambia Bibi. Nikamwambia huku namvua Mabli kofia. Sindano zake za kufumia zikanyamaza.

"Ifor ana domo," alisema.

Alhamisi nilitaka kifungo cha koti la mtoto. Nikafungua lile kopo lake la biskuti, unalijua, lenye picha ya mbwa. Chini ya vifungo palikuwa na karatasi imekunjwa mara nne. Juu imeandikwa Brwynen.

"Rudisha hiyo," Bibi alisema kutoka kitini.

"Huu si mwandiko wako."

"Nimesema rudisha, Heledd."

Sikurudisha. Nililisoma lote nimesimama, Mabli ananivuta nywele. Nilipomaliza, Bibi alikuwa anaangalia mikono yake.

"Nilimshika sketi," alisema. "Mama alikuwa ameshachagua kona ya kuweka kiti changu cha tatu. Tarumbeta likalia, nikamhisi mdogo wangu anajiinua pembeni yangu, nikajua ni yeye. Sikuwa hata najua kama anaandika. Nikaikunja sketi yake mkononi, hivi, nikamwambia, kaa chini, unanitia aibu. Akakaa."

"Ukamshika mara zote tatu?"

"Mara ya kwanza tu. Hizo mbili alikaa mwenyewe." Akaufumbua mkono. "Hizo ndizo zinazoniuma."

Karatasi hiyo aliikuta chini ya godoro lako, miaka mitatu baadaye, ulipokwenda Australia kuwa muuguzi. Tangu hapo iko kwenye kopo.

Nilimkasirikia, na nilimpenda, vyote kwa mara moja, na sikuwa na nguvu ya kuvitenganisha. Nikamtengenezea chai. Nikamkatia mkate wa zabibu, akaula wote, kwa hiyo usiwe na wasiwasi juu ya afya yake.

Sasa ndio swali langu, Bibi Mdogo.

Jumamosi tarehe 12 Aprili waliosoma pale wote wamealikwa kuiaga shule, saa tano asubuhi ya huku. Vitu vyenye wenyewe vitarudishwa kwa wenyewe. Visivyo na mtu vinapakiwa Jumatatu yake. Kuna bwana wa hoteli moja kutoka Chester ameshakiona kiti, anakitaka mapokezi, wageni waweke mabegi. Ifor alipandisha mori akawaendea wanakamati wa hafla hiyo, akawaambia wito wa Brwynen haujaisha, ulikatika tu, maana amani haikuulizwa. Wamekubali aitwe mara moja tena, kwa tarumbeta, ukumbini, kama inavyotakiwa. Akisimama, kiti ni chake. Asiposimama, kinakwenda Chester.

Bibi aliposikia hayo akaniambia, "Simama wewe. Una damu yake. Nani atajua?"

"Mimi nitajua," nikamwambia. "Ulishamwamulia mara moja."

Hakubisha; alifungua redio akagombana na taarifa ya habari.

Kwa hiyo nakuuliza wewe mwenyewe. Ungekuja ningefurahi mpaka nikose la kusema. Chumba cha mbele ni chako, ingawa najua ni mbali na goti ni goti. Kama huwezi, nipigie saa ile, namba yangu iko nyuma ya bahasha, nami nitainua simu juu ukumbi mzima uisikie sauti yako ikisema nipo. Au niambie nisimame kwa niaba yako, nitasimama na Mabli mkononi. Na kama hukitaki, baada ya miaka yote hii hukitaki tu, hilo pia ni lako. Niandikie hapana, nitakaa kimya kiti kikipita mlangoni, na sitakulaumu. Lakini bila neno lako sisimami, na Bibi naye simruhusu. Ifor nimemwambia hivyohivyo. Hajui kwamba Brwynen ni wewe, wala hatalijua hilo kwangu.

Bibi alitaka niandike humu kwamba anaomba msamaha. Nimekataa. Domo analo, redio ni shahidi. Atakuambia mwenyewe, akisikia tu sauti yako.

Shairi nimelitia ndani ya barua, karatasi yenyewe, si nakala. Ni lako. Bibi aliishika kwanza, akaipapasa mikunjo, kisha akanipa. Jumanne iliyopita nilimsomea Mabli kule koridoni, polepole, kufuata magurudumu. Nilipofika pale uliposema kwamba nyuma ya uwanja maji yamelala yakiota kuwa bahari, niligeuka kuangalia dirishani, na yalikuwa yamelala hivyohivyo, Bibi Mdogo, na matete yamesimama yote. Mabli hakufika mwisho, usingizi ulimchukua kwenye ubeti wa tatu. Usichukulie vibaya. Kwa mtoto huyu hiyo ni sifa kubwa.

Nisalimie sana Babu Desmond, na Mjomba Alun na watoto wake. Waambie wana binamu huku mwenye mapafu makubwa. Mama anakusalimu, Steffan pia, na Ifor angekusalimu kama angejua anamsalimu nani.

Mabli anajigeuza, sina muda. Nilimwuliza Bibi siku hiyo atakaa wapi. Amesema benchi lilelile, la pili kutoka dirishani. Pembeni yake ataacha nafasi ya mtu mmoja. Na mikono yake, amesema, ataikalia.

Mungu akulinde huko uliko, akupe na ule usingizi unaonipita mimi.

Ni mimi mjukuu wako nikupendaye, niliyekaa nikingoja neno lako,

Heledd