Mdoli Anayefumba Macho

Dar es Salaam

Mama Minza, mke wangu,

Mwangaluka. Na kama barua hii utaifungua mchana, basi mwadila. Pokea zote mbili, sitaki uninunie kwa sababu ya salamu. Hamjambo hapo Nkololo? Mguu wa mama umepona? Pamba mmeshapalilia? Mimi mhola tu, bado nalinda geti na kumwagilia maua yasiyoliwa.

Anayekuletea barua hii ni Makoye, mlinzi wa nyumba ya jirani, anakuja likizo. Amebeba na salfeti moja. Usiifungue mbele ya Minza kabla hujamaliza kusoma.

Ndani mna mdoli anayefumba macho ukimlaza, gari la plastiki lisilo na tairi moja, na vikombe vya kuchezea. Ni vya watoto wa bosi. Tangu biashara iwe huria bosi haishi kwenda Dubai, na kila akirudi analeta vipya. Watoto wameshakua, hivi hawavitaki tena. Mke wake akanikabidhi: "Masanja, mpelekee Minza wako."

Nilishtuka. Tangu wanunuzi binafsi watuletee mizani yao ya kutuibia pamba, mtu akinichekea mimi namtazama mikono. Na unajua kwetu: ng'ombe wa mtu akiwekwa zizini mwako unamkamua, unakunywa, lakini siku mwenyewe akija anaondoka naye, na ndama juu. Basi nikamwita Makoye awe shahidi, nikauliza, "Mama, hivi ni vyetu kabisa, au umetuwekea tu?"

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Shahidi wa mdoli! Wewe Msukuma wewe!" Hata mimi nikacheka, nikajiona mshamba. Lakini swali hakulijibu.

Juzi akaja getini, tumbo mbele, maana ni mjamzito tena. "Minza amefikia umri gani? Anaweza kubeba mtoto mgongoni?"

Nikasema bado anakojoa kitandani. Minza anisamehe, nimemsingizia.

"Akija hapa ataacha," akasema. "Na hatalia sana, atakuwa ameshamzoea mdoli wangu."

Mdoli wake, Mama Minza! Umesikia? Labda namwonea. Nilipougua homa aliniletea dawa kwa mkono wake. Lakini dalili ya mvua ni mawingu, na mimi naogopa. Ningekataa salfeti, kibarua kingeota nyasi.

Kwa hiyo Minza acheze mchana, jioni vyote virudi kwenye salfeti, hata tairi likichomoka liokotwe. Siku akitokea mtu, hata akija na gari, hata aseme nimemtuma mimi, mpe salfeti yake. Mwambie Minza hayupo, yuko kwa mama yako kule Zagayu, na kweli awe huko. Vyao tutavirudisha vyote. Mtoto simtoi.

Msalimie mama. Msalimie Kwangu, shemeji yangu anayetuchungia ng'ombe. Mwalimu wa Minza naye umsalimie, umwambie asimruhusu kutoka shuleni na mtu asiyemjua.

Na Minza mwambie baba anamkumbuka sana, tena aendelee kufinyanga ng'ombe wake wa udongo. Wale ni wake mwenyewe, hakuna atakayekuja kuwadai, wala ndama wao.

Mumeo mwenye mashaka,
Masanja