Tangi Lililokosa Pumzi

Rwambuzi, Bunia

Mjomba Osée mpendwa,

Mama amefika salama. Sasa anakata maharage mabichi uani na kulaumu kisu changu kwa ubutu.

Tulipotoka Nizi, gari liliishiwa nguvu kila lilipopata moto, na mahali pale watu hawasimami kwa hofu ya wenye silaha. Nilikagua maji na mafuta ya injini, sikuona kosa. Ndipo nikakupigia simu.

"Kifuniko ya tangi iko?" uliuliza.

Kifuniko cha tangi la petroli kilipotea sokoni. Kwa kuogopa vumbi, niliziba mdomo wa tangi kwa plastiki na kuikaza sana.

"Weye mutoto, tangi inakosa pumzi. Toboa."

Nikatoboa kwa kalamu ya ofisi. Hewa ikaingia kwa mlio, na gari likavuta hadi nyumbani.

Mama anasema hakuogopa, maana alisikia sauti ya kaka yake. Mimi niliogopa.

Asante, Mjomba.

Michée wako