Sahani Niliyosahau Kuiangalia

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Simu yako haipatikani, ndiyo maana dereva wa maabara amekuletea barua hii. Sisi wazima, paka amezaa watatu... naona nazungukazunguka tu.

Dawa niliyokamua kwenye majani uliyonipa iliua virusi vyote vya mapafu kwenye sahani ya maabara. Nikashangilia, nikakutumia chupa kwa ajili ya kifua cha Baba. Haraka haraka haina baraka, wewe ndiye uliyenifunza. Leo ndipo nimeangalia sahani ya seli za mapafu zisizo na virusi, niliyopaswa kuanza nayo. Nazo dawa hiyo imeziua zote.

Usimpe Baba hata tone. Kama ameshakunywa, acha kusoma, mpandishe garini mje hospitali. Nimemwambia dereva asizime injini.

Mwanao mwenye pupa