Tumbaku Uliyomtumia Baba

Kaka yangu,

Kopo la tumbaku ya kiko limefika salama. Baba, aliyeisifu miaka nenda rudi bila kuionja, alivuta mara tatu akanuna. "Haina hata harufu. Mwanangu kauziwa majani makavu." Lakini moshi wake ulikuwa umeifanya nyumba nzima inukie asali. Mama anasema ni mafua tu. Paka amezaa watatu.

Unajua baba akitengeneza mitungi ya gesi hatumii povu la sabuni kujua kama inavuja, anatumia pua yake. Jana alikaza mtungi wa jirani, akaunusa, akasema, "Hauvuji." Mimi niliisikia harufu ya gesi tokea mlangoni. Niliposema, akanifokea. Jirani akamwamini fundi, akaubeba.

Tangu asubuhi nimemgongea jirani mara tatu. Redio inasikika ndani, lakini hafungui.

Ni mimi, mdogo wako